Blanketi Halina Joto Lake

Usiku mmoja wa Julai, binti yangu akiwa na miaka mitatu, niliamka mara nne kumfunika. Tulikuwa tumehamia Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kutoka Mbale miezi miwili tu kabla, na ubaridi wa huku juu nilikuwa bado sijaujua. Nikaweka blanketi la kwanza, la pili, la tatu. Saa tisa usiku nikamkuta amejikunja, magoti yamefika kidevuni, ncha ya pua baridi. Nikapitisha mkono chini ya mgongo wake nimsogeze ukutani, na hapo ndipo niliposhtuka. Juu yake, chini ya yale mablanketi matatu, palikuwa na joto zuri. Lakini shuka alilolalia lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kigodoro chenyewe, sponji nyembamba tuliyokuja nayo, kilikuwa kimewekwa moja kwa moja juu ya sementi.

Asubuhi nilimweleza jirani yangu, mama mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu kwenye mteremko huu huu wa Mlima Elgon. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Mwanangu, juu umemfunika. Chini umemwachia nani?"

"Lakini nyanya, mablanketi ni matatu."

"Hata yawe kumi. Baridi ya huku inapanda na sakafu."

Jioni akaja na magunia mawili ya katani na mzigo wa majani makavu ya migomba. Tulitandika majani kwanza, juu yake maboksi ya dukani tuliyoyakunjua yakawa bapa, juu yake magunia, kisha ndipo godoro. Usiku ule mtoto alilala na mablanketi mawili, amenyoosha miguu, na mimi sikuamka mpaka alfajiri.

Nimeishi na swali lile la nyanya tangu siku hiyo, kwa sababu linafungua jambo ambalo wazazi wengi tunalikosea. Tunafikiri blanketi linatoa joto. Halitoi. Liweke blanketi zito kuliko yote juu ya meza usiku kucha, asubuhi litakuwa baridi sawa na meza. Joto lote lililomo kitandani limetoka ndani ya mwili wa mtoto mwenyewe, kwa chakula alichokula na maziwa aliyonyonya. Kazi ya blanketi ni kulichelewesha lisiondoke. Kwa hiyo kabla ya kuongeza la nne, jiulize joto la mtoto linapotelea wapi.

Baridi ya Uganda inatoka wapi

Mstari wa ikweta unapita katika nchi yetu, na hatuna majira ya theluji kama Ulaya. Baridi yetu ni ya mwinuko. Kila unapopanda mita 1,000, hewa inapoa kwa nyuzi kama sita hivi. Entebbe, kando ya Ziwa Victoria, iko mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Kapchorwa iko juu ya mita 1,800, na nyuma yetu mlima unaendelea kupanda mpaka mita 4,321. Hali ni hiyo hiyo Kabale na Kisoro, na kwenye miteremko ya Rwenzori. Kule Kabale miezi ya Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi, usiku kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 10 na pengine chini yake. Kwa mtu mzima mwenye koti hizo nyuzi 10 ni usumbufu tu. Kwa mtoto wa wiki mbili ni hatari.

Nyumba zetu nazo zina neno lao. Mabati yanapokea jua mchana na kuchemka, lakini usiku wa mbingu wazi yanatupa joto lake angani kwa kasi, yanapoa kuliko hata hewa iliyoyazunguka, na mvuke wa pumzi za waliolala unagandamana chini yake na kudondoka. Ukiamka na kukuta blanketi lina unyevu upande wa juu wakati hakuna aliyekojoa, tazama dari. Nyumba ya nyasi ya wazee wetu ilikuwa na shida zake, lakini kwa hili iliyashinda mabati, kwa sababu nyasi zimejaa hewa iliyotulia. Mwenye uwezo wa kuweka silingi, hata ya mikeka au ya magunia yaliyoshonwa, atauona utofauti usiku ule ule wa kwanza.

Shida nyingine ni ushauri. Siku hizi mzazi wa Bukwo, huku huku Elgon, au wa Kabale akiuliza kwenye simu namna ya kumkinga mtoto na baridi, anajibiwa na mzazi wa Uingereza, ambaye nyumba yake ina mitambo ya kupasha joto na madirisha ya vioo viwili. NHS, huduma ya afya ya taifa ya kule, inashauri chumba cha mtoto mchanga kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Mzazi wa Bukwo anasoma hapo na kuvunjika moyo, maana hana kitufe cha kubonyeza. Ila ndani ya ushauri ule mna mambo ambayo ni kweli popote mtoto alipo, na mengine ambayo yanahitaji kutafsiriwa kwa nyumba zetu. Nitajaribu kuyatenganisha.

Joto linavyomtoka mtoto

Mtoto si mtu mzima mdogo. Ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa mno, na joto hutokea kwenye ngozi. Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, nacho mara nyingi hakina nywele za maana. Zaidi ya hayo, mtoto mchanga hawezi kutetemeka ipasavyo. Wewe na mimi tukishikwa na baridi misuli inatetemeka na kuzalisha joto. Yeye anategemea akiba ya mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyo katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, ambayo kazi yake ni kuchomwa ili mwili upate moto. Aliyezaliwa kabla ya wakati ana akiba ndogo sana. Na ili mafuta hayo yachomeke, mtoto anahitaji hewa ya oksijeni na maziwa. Ndiyo maana mtoto aliyepoa sana huanza kulegea na kukataa kunyonya, na akikataa kunyonya anazidi kupoa.

Joto la kawaida la mtoto mchanga, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chini ya hapo ameshaanza kupoa.

Joto linatoka kwa njia nne. Linapita kwenye kitu kilichomgusa, kama ile sementi. Linachukuliwa na upepo unaopenya mlangoni. Linaruka kwenda kwenye ukuta au bati lililo baridi hata kama halimgusi. Na linaondoka na maji yanayokauka mwilini mwake. Wazazi wengi tunapigana na upepo tu, tunaziba matundu ya dirisha kwa matambara, tukidhani tumemaliza. Njia ya kwanza na ya mwisho, yaani kitanda cha chini na unyevu, ndizo zinazotushinda.

Chukua hili la chini. Kinachozuia joto katika blanketi si uzi wake. Ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, imekaa kimya isiyoweza kutembea. Blanketi lililo juu ya mtoto limejaa hewa. Blanketi hilo hilo ukimtandikia chini, uzito wake unaligandamiza, hewa inatoka, na kinachobaki ni kitambaa bapa. Ndiyo sababu kukunja blanketi na kuliweka chini hakusaidii kama unavyotarajia. Chini panahitaji vitu visivyobonyea: majani makavu ya migomba, nyasi zilizokaushwa vizuri, maboksi, magunia, mkeka mnene, au kitanda chenyewe kiwe na miguu ili hewa ya sakafuni isimguse. Sponji nayo inafaa ikiwa nene. Ile nyembamba iliyolala miaka mitano na kuchoka katikati ni shuka tu lenye jina la godoro. Majani na nyasi yabadilishwe kila baada ya wiki kadhaa na yaanikwe juani, la sivyo yataleta kuvu na viroboto.

Na unyevu, huu ndio adui mkubwa wa watoto wa miaka miwili mpaka mitano. Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Mtoto akikojoa kitandani saa saba usiku, zile hewa zote ulizomfungia zimejaa maji, na kuanzia hapo kitanda kinamnyonya joto mpaka asubuhi, ufunike utakavyofunika. Kumgombeza hakufai kitu, hajafanya makusudi. Mwamshe akojoe kabla wewe mwenyewe hujalala. Weka nailoni nzito chini ya shuka, ipenyezwe vizuri chini ya godoro, na juu yake kitambaa cha pamba kinene. Kisha, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, weka kando ya kitanda shuka moja kavu na nguo moja kavu tayari, ili ukiamka gizani usianze kutafuta kabatini. Dakika tatu, mtoto amebadilishwa na amerudi kulala. Hiyo nailoni ni ya watoto waliokwisha kukua kidogo. Kwa wachanga usiiweke karibu na uso kabisa.

Mablanketi yenyewe hunywa unyevu hata bila kikojozi. Huku kwetu miezi ya mvua ukungu hushuka alasiri na kuingia mpaka ndani ya nyumba. Blanketi lisiloanikwa wiki mbili, ukilishika unadhani ni kavu, ila ukilipeleka juani unaona linavyobadilika kuwa jepesi. Yatoe saa nne, yarudishe ndani kabla ya saa tisa. Ukisubiri mpaka saa kumi na moja umeanika ukungu.

Mvishe mtoto, usikivishe kitanda

Mtoto wa miaka miwili hatulii. Anazunguka kama mshale wa saa, na blanketi linabaki upande mmoja, yeye upande mwingine. Kwa mtoto wa namna hiyo nguo za mwilini zina faida kuliko mablanketi, kwa sababu anazunguka nazo. Mvishe nyepesi nyepesi kadhaa: fulana ya pamba ya kubana kidogo, juu yake nguo ya mikono mirefu, kisha sweta. Nguo tatu nyembamba zinashika hewa kuliko moja nene. Kwenye mivumba, yaani mitumba, utapata zile nguo za kulalia zilizoungana na soksi kwa bei ndogo. Nimezinunua nyingi na sijajuta. Soksi zisibane. Soksi ikiacha alama mguuni inazuia damu, na damu ndiyo inayopeleka joto kwenye vidole. Sufi ina sifa moja ambayo pamba haina: hata ikipata unyevu kidogo bado inashika joto.

Kuoga kuwe mchana jua likiwa limepanda, si jioni wakati baridi imeshaingia. Kama lazima jioni, nywele zikaushwe kabisa kabla ya kulala. Kwa mtoto aliyezaliwa leo, Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau saa 24 kabla ya kumwogesha. Najua kuna bibi atakayenung'unika kwamba mtoto ni mchafu. Mwambie kwa heshima kwamba utamfuta kwa kitambaa kikavu, na kuoga ni kesho.

Watoto wakubwa wakilala wawili watatu pamoja wanapashana joto, na hilo halina ubaya. Ila asiyetimiza mwaka asiwekwe kati ya kaka na dada zake. Wanalala usingizi wa mawe na hawajui wamemlalia nani.

Aliye chini ya mwaka mmoja ana sheria zake

Hapa lazima niwe mkali kidogo. Mambo mengi yanayomfaa mtoto wa miaka mitatu yanaweza kumuua wa miezi mitatu.

Mtoto mchanga hawezi kuondoa kitu kilichomfunika usoni. Blanketi zito lisilobanwa, mto, mdoli, shali, vyote vinaweza kupanda juu ya pua yake akiwa amelala, naye hana nguvu ya kuvisukuma. Pia akizidiwa na joto, hatari ya kufa ghafla usingizini inaongezeka. Mwishoni mwa 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, si kifudifudi, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Sijui kitu kingine kisichogharimu hata shilingi moja kilichookoa watoto wengi namna ile. Mlaze chali, kila usingizi, uwe wa mchana au wa usiku. Kofia ni nzuri mkiwa safarini au siku zake za kwanza kabisa za maisha, lakini mtoto mzima wa afya asilale nayo ndani ya nyumba, maana kichwa ndiko anakotolea joto la ziada, na kofia inaweza kuteleza usoni.

Sasa anapata joto wapi? Nguo zilizomkaa vizuri mwilini, na badala ya blanketi la kuelea, mfuko wa kulalia: unavaliwa mabegani kama gauni lisilo na mikono na kufungwa chini, hivyo hauwezi kupanda usoni. Fundi cherehani yeyote anaweza kuushona kwa blanketi jepesi. Sharti ni shingo na makwapa yamtoshe, kichwa kisipenye ndani. Ukitumia blanketi, liwe jepesi, limfike kifuani tu, libanwe chini ya godoro pande zote, na miguu yake iguse mwisho wa kitanda ili asiteleze kwenda chini yake.

Vipi kulala na mama? Madaktari wengi wa nchi za Magharibi wanasema mtoto awe chumba kimoja na wazazi lakini kitanda chake, angalau miezi sita ya mwanzo. Kwetu, katika nyumba ya chumba kimoja chenye baridi, mama na mtoto wanalala pamoja, na mama ndiye jiko la mtoto. Sitamwambia mama wa Bukwo anayenyonyesha mara tano kwa usiku kwamba amefanya kosa. Namwambia yale yanayogeuza jambo hilo kuwa hatari kweli: aliyekunywa waragi asilale na mtoto, awe baba au mama, anayevuta sigara vivyo hivyo, mtoto aliyezaliwa njiti au mdogo sana asilale katikati ya watu wawili waliosinzia, na mtu yeyote asisinzie na mtoto kwenye kochi. Blanketi la mama liishie kiunoni mwake, mwenyewe avae sweta juu, na mtoto avae nguo zake.

Kwa njiti kuna njia bora kuliko mashine nyingi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali yake ikiwa na msongamano na vitotozi, zile mashine za kuwapasha njiti joto, vikiwa vichache, alianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima katikati ya maziwa, wamefungwa kwa kitambaa. Ndiyo njia tunayoiita ya kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Mtoto huwa na nepi, kofia na soksi tu, leso inamfunga mama na mtoto kwa pamoja, na blanketi linafunika wote kwa nje. Mama akienda kuoga, baba anapokea. Kifua cha baba kina joto lile lile. Wakati wote huo anayembeba awe macho, au alale ameegemea, kichwa cha mtoto kimegeuzwa upande mmoja ili pua iwe wazi.

Sigiri isilale ndani

Nimeiacha sehemu hii mpaka sasa kwa sababu inaniuma. Karibu kila mwaka redio zetu hutangaza familia iliyokutwa asubuhi imekufa, mlango umefungwa, sigiri, lile jiko la makaa, iko pembeni. Si watu wajinga. Ni watu waliowaonea huruma watoto wao kwa baridi.

Udanganyifu uko hapa. Makaa yakiwashwa yanatoa moshi, nasi tunayaweka nje. Yakishaiva, yakawa mekundu na hayana moshi, tunasema sasa ni safi, tunaingiza ndani. Lakini makaa yaliyoiva ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni inashikana na chembe nyekundu za damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshikana nazo. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kitu cha kuuhuisha mwili. Aliye macho anasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hasikii chochote. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anavuta nyingi ndani ya muda ule ule, na mtoto aliye tumboni mwa mama naye hayuko salama.

Wengine husema, "Mimi naacha dirisha wazi kidogo." Kidogo ni kiasi gani, na upepo ukigeuka? Na ukiliacha wazi vya kutosha, joto ulilolifuata limetoka. Sigiri ipikiwe nje au mahali penye hewa kamili, na usiku makaa yafukiwe kwa majivu nje ya nyumba. Mtu akikutwa na dalili hizo, mtoe nje kwanza kwenye hewa, mambo mengine yafuate, kisha kituo cha afya bila kusubiri kuche.

Ukitaka kukipasha kitanda, tumia maji. Chupa ya mpira ya maji ya moto, si yanayochemka, izungushiwe leso mbili na iwekwe chini ya blanketi nusu saa kabla ya mtoto kulala. Anapoingia yeye, chupa inatoka. Usimlaze nayo, ngozi ya mtoto huungua hata kwa joto ambalo mkono wako unaliona la kawaida, na vifuniko hupasuka.

Na koroboi iliyowashwa karibu na chandarua, sihitaji kueleza. Chandarua chenyewe usikiache kwa kusema huku juu hakuna mbu. Malaria inapanda mpaka kwetu.

Kujua kama amepoa, amezidi joto, au anaumwa

Mikono na miguu ya mtoto mdogo mara nyingi ni baridi hata akiwa salama. Usiitegemee. Weka kiganja chako nyuma ya shingo yake au kifuani. Pakiwa na joto la kawaida, pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, nywele zimelowa, uso mwekundu, umemfunika kupita kiasi. Toa nguo moja. Pakiwa baridi, amepoa kweli. Mweke ngozi kwa ngozi kifuani mwako, mfunike pamoja nawe, mnyonyeshe.

Mtoto wa chini ya miezi miwili aliyepoa chini ya nyuzi 35.5, au anayekataa kunyonya na kulegea, usiendelee kumfunika nyumbani ukingoja apate joto. Katika umri huo kupoa kunaweza kuwa dalili ya maambukizi ndani ya damu, kama homa ilivyo kwa mkubwa. Mfunge kifuani uende naye hospitali.

Kuna pia tatizo la homa. Malaria inapopanda, mtoto anatetemeka na mikono inakuwa barafu, anasema anasikia baridi. Mzazi anamrundikia mablanketi, na joto linapaa zaidi. Mshike kifua: ukikuta kinawaka, au kipimajoto cha kwapani kikionyesha 37.5 na kuendelea, hiyo ni homa. Shuka moja jepesi linatosha, na safari ni ya kupimwa damu.

Nimonia nayo watu wanasema imeletwa na baridi. Inaletwa na vijidudu. Lakini miezi ya baridi tunajifungia wengi chumba kimoja, tunakoholeana usoni, na moshi wa jikoni unaumiza mapafu ya mtoto na kuyafungulia mlango magonjwa hayo. Kwa hiyo kumfunika ni vizuri, ila moshi ukibaki ndani umefanya nusu ya kazi. Uganda iliingiza chanjo ya PCV, inayokinga na aina kubwa ya nimonia, mwaka 2013; hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na haifai kukosa hata moja. Mtoto anayekohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, 40. Ukiona pia sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, usihesabu tena, ondoka. Wahudumu wa VHT, yaani timu ya afya ya kijiji, wamefundishwa kuhesabu hivyo, nao ni wa kuamshwa hata usiku.

Mwenye mtoto wa selimundu, sikoseli kama wengi tunavyosema, kwake baridi ni jambo zito zaidi. Mishipa ikisinyaa kwa baridi, chembe zake za damu zenye umbo la mundu hukwama, na maumivu ya mifupa huanza. Kule Bundibugyo, chini ya Rwenzori, familia zinazobeba jeni ya ugonjwa huo ni nyingi sana. Mtoto huyo asilowe, asilale sakafuni, asioge maji baridi, na anywe maji ya kutosha hata kama haoni kiu.

Mwaka jana nilipojifungua mtoto wa pili, wifi yangu aliye Leeds alinipigia kuuliza atume nini. Alikuwa ameshaona dukani blanketi la umeme. Nikamwambia, "Wifi, la umeme halifai kwa mtoto mchanga, na huku stima yenyewe inakatika. Nitumie mfuko wa kulalia." Waingereza wana kipimo chao kinachoitwa tog, cha kueleza kitambaa kinazuia joto kiasi gani, wa 2.5 ndio wa chumba cha nyuzi 16 mpaka 20, na usiku wetu mwingi uko hapo au chini kidogo, kwa hiyo ndani yake ningemvisha nguo ya mikono mirefu na soksi. Mfuko ulifika Oktoba, wa buluu, mzuri sana. Nikaupima: shingo yake ilikuwa pana kwa mtoto wa miezi miwili, kichwa kingezama. Tukaukunja tukauweka sandukuni, na fundi wa sokoni akatushonea mdogo kwa nusu ya blanketi la binti yangu. Ule wa Leeds aliuvaa mwezi wa tano wa maisha yake, juu ya godoro lenye maboksi na magunia chini.